Uraia haufundishwi kwa kuchagua herufi

Oktoba 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule nyingine kadhaa nchini, baada ya kubainika kwamba maswali yalikuwa yamevuja. Watoto wakarudia mtihani mwezi huohuo. Jambo hilo lilizungumzwa kama kashfa ya mitihani, likapita. Lilistahili kuzungumzwa kama habari ya elimu ya uraia. Kati ya karatasi zilizofutwa ilikuwamo ya Maarifa ya Jamii, ambayo wakati ule ndiyo iliyobeba maswali ya uraia. Na waliovujisha hawakuwa watoto: kwa maelezo ya Baraza lenyewe, udanganyifu ule uliwahusisha watu wazima waliokabidhiwa usimamizi wa elimu. Mtoto aliyepewa majibu ya karatasi ile alifundishwa mambo mawili yanayogongana, tena na watu walewale. Alifundishwa jibu sahihi la swali la uadilifu, kisha akafundishwa namna ya kulipata bila uadilifu wowote. Hakuna shaka ni somo lipi kati ya hayo mawili lililomkaa kichwani.

Taifa letu lina mazoea ya muda mrefu: kila tunapohisi vijana wanapotea, tunaongeza somo au tunabadilisha jina la lililopo. Tulikuwa na Siasa, iliyofundishwa katika miaka ya chama kimoja na kuwekwa kando baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992. Ikaja Uraia. Mageuzi ya mtaala wa msingi ya miaka ya 2015 na 2016 yakaleta Uraia na Maadili. Mwishoni mwa 2020 Rais John Magufuli akaagiza historia ya nchi ifundishwe kama somo la lazima, na mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, umetupa Historia ya Tanzania na Maadili. Kila jina lilikuwa na sababu zake, na sababu nyingine zilikuwa nzuri. Mtoto wa Kibaigwa au Manyoni anapaswa kujua nchi yake ilipotokea. Lakini katika majina yote hayo, namna ya kufundisha na namna ya kupima zimebaki zilezile: mwalimu anasema, mwanafunzi anaandika, mtihani unauliza, na jibu ni moja.

Chukua swali la aina ambayo kila mwanafunzi wa darasa la saba ameshakutana nayo. Mtoto ameokota pochi yenye fedha njiani akienda shule, afanye nini? Herufi A, anunue daftari, B, agawane na rafiki, C, aipeleke kwa mwalimu, D, aifiche. Hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayekosa. Mwizi wa kesho atachagua C, na mwaminifu wa kesho atachagua C, na wote wawili watapata alama moja. Swali hilo linapima kama mtoto anajua watu wazima wanapenda kusikia nini. Lingeweza kuulizwa vingine: mwenye pochi anafahamika kuwa ndiye aliyemdhulumu baba yako shamba, na nyumbani hakuna unga tangu jana, eleza utafanya nini na kwa nini. Hapo ndipo maadili yanapoanza kufanya kazi, kwa sababu kuna kitu cha kupoteza. Jibu la swali hilo haliwezi kusahihishwa na mashine wala kwa kasi ya mwalimu mwenye rundo la karatasi mezani, na ndiyo maana swali lenyewe haliulizwi.

Waasisi wa elimu yetu waliliona tatizo hili mapema. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, hukumbukwa zaidi kwa mashamba ya shule, lakini kiini chake kilikuwa kwingine. Mwalimu alitaka shule imjengee kijana akili ya kuhoji, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa kisichofaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Tulichochukua kwa bidii ni jembe. Shamba lililokusudiwa wanafunzi walipangie, walisimamie na waone hesabu yake, katika shule nyingi likageuka mahali pa kupelekwa aliyechelewa. Sehemu ya kuhoji ilibaki kitabuni. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa wapo wanaodhani kumpa mwanafunzi nafasi ya kubishana ni fikra ya kigeni iliyoletwa na wafadhili. Imo katika waraka wa msingi wa elimu ya nchi hii, na imeandikwa na mwalimu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia Ikulu.

Tena nyanda hizi za kati zina mchango wake katika hadithi hiyo, ingawa shule zetu huutaja mara chache. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 1969, mwandishi wa historia na mila za Wagogo, karani, liwali, hakimu na mshairi, ndiye aliyeikuza ngonjera kuwa chombo cha elimu ya umma. Nyerere alipowaomba washairi walieneze Azimio la Arusha, Mnyampala aliwapa walimu mashairi ya majibizano ambayo watoto waliweza kuyaghani mbele ya wazazi: upande huu unauliza au unapinga, upande ule unajibu. Ngonjera zake za UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, zilichapwa baada ya kifo chake na zikasambaa mashuleni. Udhaifu wa ngonjera hizo unajulikana. Mwisho wa ubishi ulikuwa umeshaandikwa, na anayepinga alilazimika kushindwa ubeti wa mwisho. Hata hivyo Mnyampala, ambaye kazi ya uhakimu ilimweka kila siku kati ya watu wawili wenye madai tofauti, alielewa jambo ambalo karatasi ya kuchagua herufi hailielewi: hoja haimkai mtu mpaka asikie pingamizi lake likisemwa kwa sauti, kwa ufasaha, na mtu anayemheshimu. Ngonjera iliyoachwa bila ubeti wa mwisho, watoto wenyewe wakautafuta, ingekuwa somo bora la uraia kuliko mengi tuliyo nayo leo.

Kwa nini basi haifanyiki? Jibu liko vyuoni kabla ya kufika darasani. Mkoa wa Dodoma una Chuo cha Ualimu Mpwapwa, miongoni mwa vyuo vikongwe kabisa nchini, una Chuo cha Ualimu Bustani kule Kondoa, na una Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, chenye maelfu ya wanaosomea ualimu. Sera mpya imepandisha kiwango cha chini cha mwalimu wa msingi hadi stashahada, na hilo ni jema. Lakini mwanachuo anafundishwa mbinu shirikishi kwa mhadhara. Anaandika notisi kuhusu majadiliano. Anapokwenda mazoezi ya kufundisha, andalio la somo lake lina safu ya shughuli za mwanafunzi iliyojazwa vizuri, na mkufunzi anayekuja kumtathmini anatazama kama malengo yameandikwa, kama zana zipo, kama ubao umegawanywa, kama darasa limetulia. Darasa tulivu linampa alama. Darasa ambalo watoto wawili wanabishana kwa hoja, na mwalimu anawapa zamu, linaweza kumtia mashakani kwamba ameshindwa kulimudu. Kijana huyu hajawahi kuona mtu akiongoza ubishi kwa haki, wala hajawahi kuuongoza. Tukimlaumu akifika kijijini na kufundisha kwa kukaririsha, tunamdai kitu ambacho hatukumpa.

Kisha kuna shule yenyewe, ambayo inafundisha uraia saa zote, hata pasipo kipindi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinasema adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Kila anayezijua shule zetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na fimbo iliyoegeshwa kwenye kona ya darasa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Tuache leo mjadala wa kama viboko vifutwe kabisa, maana unahitaji makala yake. Hoja yangu ni finyu zaidi: mwalimu anayefundisha utawala wa sheria saa nne na kuvunja kanuni ya viboko saa sita amefundisha vipindi viwili, na cha pili kina nguvu zaidi. Vivyo hivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, lakini kiranja bado huteuliwa ofisini na kutangazwa mstarini.

Somo jingine lingewezekana, bila kitabu kipya. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, makumi elfu ya mifugo waliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Makorongo yakapona, miti ikarudi. Pia wafugaji walipoteza malisho, na wengi walihama na ng'ombe wao. Je, Serikali ilitenda haki? Kwa kipindi cha dakika 40, mwalimu wa Kondoa au Chemba anaweza kuandika swali hilo ubaoni, akaligawa darasa upande wa mfugaji na upande wa bwana hifadhi, na baada ya dakika 15 akabadilisha pande, ili kila mtoto ailazimishe akili yake kumtetea aliyekuwa akimpinga. Kazi ya nyumbani: waulize wazee wanakumbuka nini. Jijini Dodoma kisa kinachofaa ni Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017 baada ya miaka mingi ya malalamiko ya ardhi. Katika visa vyote viwili hakuna herufi ya kuchagua, lakini zipo hoja zenye ushahidi na hoja zisizo nao, na kutofautisha hizo mbili ndiyo kazi ya mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kuwafundisha watoto ubishi, na kwamba maadili ya Kiafrika huanza na utii. Heshima kwa wakubwa ni tunu, na sitaki shule iivunje. Lakini mtoto aliyefundishwa kutii tu humtii yeyote aliye mbele yake, akiwamo mtu mzima anayemletea majibu ya mtihani yaliyoibwa. Chemba hapakukosekana utii. Alikosekana mtu wa kusema hapana kwa adabu, na kusema hapana kwa adabu ni ustadi unaohitaji mazoezi kama hesabu. Pingamizi zito zaidi ni la siasa: mwalimu ni mtumishi wa umma, na akianzisha mdahalo atashukiwa kuwa wa chama hiki au kile. Hofu hiyo ni ya kweli, na haiondolewi kwa kumwambia mwalimu awe jasiri. Inaondolewa kwa kumwekea kanuni ya kumlinda. Wajerumani, waliokuwa na sababu nzito za kuogopa shule inayohubiri, walikubaliana katika mji mdogo wa Beutelsbach mwaka 1976 kwamba mwalimu asimlazimishe mwanafunzi msimamo, na kwamba jambo lenye ubishi katika jamii lionekane na ubishi wake darasani. Waraka mfupi wa namna hiyo kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ungempa mwalimu wa Bahi kitu cha kumwonyesha anayemtilia shaka.

Msongamano pia utatajwa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, darasa la watoto 45 linalotakiwa na mwongozo limekuwa ndoto katika shule nyingi. Ni kweli, na ni sababu ya kudai walimu zaidi. Lakini watoto 100 wakiwa vikundi vya kumi chini ya mkuyu wanaweza kujadiliana. Wasichoweza ni kusikilizwa mmoja mmoja na mwalimu anayehodhi maneno yote. Wengine watasema uzalendo utapatikana Jeshi la Kujenga Taifa, pale Makutupora na kwingineko, tangu utaratibu wa mujibu wa sheria urejeshwe 2013. JKT inawapokea wahitimu wa kidato cha sita, na walio wengi katika nchi hii huishia kabla ya hapo.

Mkoa wa Dodoma una fursa ambayo mikoa mingine haina. Bunge likiketi, wanafunzi hupelekwa kwenye jukwaa la wageni. Spika huwatangaza, nao husimama, hupigiwa makofi, huketi. Wakiwa pale husikia swali la msingi, jibu la waziri, kisha swali la nyongeza, ambalo waziri hawezi kulikwepa kwa kusema mada imekwisha. Wanarudi kwenye darasa lisilo na swali la nyongeza. Ili swali la nyongeza liingie darasani, pa kuanzia ni fomu ya tathmini ya mazoezi ya kufundisha: iwekwe alama kwa mwanachuo aliyewafanya wanafunzi waulize swali ambalo hakuliandaa, na akalishughulikia kwa uaminifu. Kinachofuata ni ubao wa matangazo wa shule. Ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ibandikwe kwa tarakimu na matumizi yake, darasa la sita wafanye hesabu yake, na mwalimu mkuu ajibu maswali yao mbele ya kamati ya shule. Baraza la Mitihani nalo liingize katika karatasi ya maadili walau swali moja la maelezo linalosahihishwa kwa ubora wa hoja, hata kama matokeo yatachelewa kwa wiki moja.