Je, Wajua? Mtemi Aliyeng'olewa kwa Sababu ya Ushuru

Je, wajua kwamba kiti cha utemi wa Unyanyembe, Tabora, kiliwahi kuamuliwa na wafanyabiashara Waarabu wa pembe za ndovu?

Mtemi Fundikira aliishi nao vizuri pale Kazeh, makazi yao huko Unyanyembe. Binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip. Fundikira alipofariki, karibu na mwaka 1859, ugomvi wa urithi ukazuka baina ya Mnywa Sele na Mkasiwa. Mnywa Sele ndiye aliyekalia kiti, na hakukawia kutoza ushuru kwa bidhaa zilizoingia nchini mwake. Alikuwa na haki, kwa maoni yangu: Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara hiyohiyo, na ikalipwa. Ila Waarabu wa Kazeh hawakutaka kusikia. Mwaka 1860 walimfukuza kwa bunduki, wakamsimika Mkasiwa.

Mkubwa wao alikuwa Snay bin Amir. Ndiye aliyempokea mpelelezi Mwingereza Burton mwaka 1857, na Burton aliandika kwamba mwenyeji wake alianzia kwenye kutengeneza halua huko Muscat, kisha ndani ya miaka 16 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Vita vya Mnywa Sele ndivyo vilivyommaliza.

Maana mtemi aliyefukuzwa hakutulia. Aliingia porini na watu wake, akawa anavizia misafara na kuifunga njia ya pwani. Speke, aliyekuwa amesafiri na Burton, alipopita tena alikutana naye, mkimbizi anayeomba kusuluhishwa, lakini suluhu haikupatikana. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865.

Mkasiwa alitawala hadi 1876, akafuatiwa na Isike. Naye, ijapokuwa alirithi kiti kilichosimikwa na wafanyabiashara, akadai hongo kama Mnywa Sele! Safari hii waliokuja kumng'oa ni Wajerumani. Mwaka 1892 walilishambulia boma lake wakashindwa. Januari 1893 ofisa wao Tom von Prince akalivunja. Isike alipoona adui wameingia ndani, aliwasha ghala la baruti alimokuwa na jamaa zake.

Wajerumani nao hawakuacha kiti wazi. Walimweka mwanamke wa ukoo wa kitemi, Nyaso, ambaye alikuwa hasimu wa Isike.