BARUA ZA KAZINI UKIWA SAFARINI

Makatibu wa matawi huuliza mara kwa mara: mbona barua pepe nilizosoma ofisini sizioni nikiwa safarini?

Barua huchukuliwa kwa njia mbili. Ile ya zamani, POP, ilianza mwaka 1984. Kompyuta ya ofisini huziteremsha barua kutoka kwenye seva, yaani mashine kuu inayozitunza, na mara nyingi huzifuta huko. Basi katibu yuko mjini kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, na barua ya mwajiri ya kuahidi nyongeza imebaki kiwandani! Njia ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva pamoja na majalada yake. Ukifungua kwa simu au kompyuta nyingine, unazikuta kama ulivyoziacha. Fundi wa kompyuta aweza kukubadilishia.

Kwenye kompyuta ya kukodi, funga sanduku lako kabla ya kuondoka, wala usikubali mashine itunze neno lako la siri.

Lakini sanduku la kampuni ni mali ya kampuni. Mwajiri akikuachisha kazi aweza kulifunga siku hiyo hiyo, kwa hiyo mambo ya chama yapitie sanduku la chama.

Tena, kujibu barua za msimamizi usiku ni kazi. Nchini Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, sheria inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yajadiliane kuhusu haki ya mfanyakazi kutojibu nje ya saa za kazi.