Hifadhidata Ikizima Kila Mara: Ulipie Nini, Uache Nini?

Duka lako la mtandaoni likianza kugoma kwa sababu hifadhidata imezima, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kununua seva kubwa. Huenda ni kweli unaihitaji. Lakini kabla hujatoa hela, mwambie fundi aandike journalctl -k kwenye seva ya Linux akusomee majibu. Akikuta mstari wenye "Out of memory: Killed process" na jina mysqld (programu ya hifadhidata ya MySQL), ujue RAM iliisha, na Linux yenyewe ndiyo iliyoiua MySQL ili mashine isikwame. Hulenga programu iliyoshika RAM nyingi zaidi, hata kama iliyosababisha uhaba ni nyingine. Hapo ndipo pa kulinganisha gharama.

Kupunguza matumizi. Hapa unalipa ufundi tu. Kwenye Debian na Ubuntu, Apache (programu inayohudumia tovuti) inayoendesha PHP ndani yake huja na ruhusa ya kuhudumia maombi 150 kwa mpigo. Kila ombi likila MB 40, jumla ni GB 6. Seva ya GB 1 itavumilia wapi? Yashushe hadi 10, yatakula MB 400, na MySQL ibaki na nafasi ya kupumua. Wateja wakijaa, baadhi watasubiri kidogo.

Kuongeza swap. Ni bure: unatenga GB 1 au 2 za diski zisaidie RAM. Inafaa kuvuka saa za pilika, ila diski huenda polepole kuliko RAM. Ikitumika kutwa nzima, tovuti itajikokota.

Kununua RAM. DigitalOcean, kwa bei zake za kawaida zilizoanza Julai 2022, hutoza dola 6 kwa mwezi kwa GB 1, dola 12 kwa GB 2 na dola 24 kwa GB 4. Lipia ikiwa wateja wameongezeka kweli.

Kukodi hifadhidata inayosimamiwa. Kwa DigitalOcean huanzia takriban dola 15 kwa mwezi, juu ya gharama ya seva ya tovuti. Nakala za akiba za kila siku na masasisho hufanywa na mwenye huduma. Kwa biashara isiyo na fundi wa kudumu, si ghali.

Kuna kisa kimoja ambacho RAM haitibu. Andika df -h. Diski ikiwa imefika asilimia 100, hifadhidata kama PostgreSQL inaweza kuzima kwa kukosa pa kuandikia. Hapo safisha nakala kuukuu au ongeza diski. Faili za ndani ya folda ya PostgreSQL iitwayo pg_wal usizifute kwa mkono, utaharibu data.

Kwa duka dogo, anza na Apache na swap. MySQL ikiuawa tena, panda hadi GB 2. Lakini chochote utakachochagua, chukua nakala ya data kwanza na uihifadhi nje ya seva hiyo.