Kikuba cha Wabajuni: Biashara ya jioni moja inayongoja mpaka

WABAJUNI wa Chovai, kisiwa kilicho kusini mwa Kismayo, wanajulikana zaidi kwa bahari kuliko kwa bustani. Hata hivyo harusi yao, kama harusi nyingine za Waswahili wa pwani, inataka maua yenye harufu, na maua hayo yana soko.

Kikuba ndicho kinachoongoza. Ni kishada kidogo cha asumini, rihani na ua la mkadi, kinachobanikwa nguoni au kwenye nywele. Kazi yake ni ya wanawake, na ni ya pamoja. Jirani mwenye mwasumini uani huchuma, mwingine huleta rihani, na wote hukaa kitako na sindano na uzi.

Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado tumba. Ikitungwa saa hiyo hufunguka usiku, harusi ikiwa imeshika moto. Asubuhi imeshanyauka. Basi muuzaji ana jioni moja tu ya kupata fedha yake.

Wateja wako pande zote mbili za mpaka. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, wakawafuata ndugu zao wa visiwa vya Lamu na wengine wakafika Mombasa. Leo ukoo mmoja unaweza kuwa na harusi Kismayo na nyingine Faza.

Tatizo ni njia. Kenya iliufunga mpaka wake na Somalia mwaka 2011. Mei 2023 nchi hizo mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu katika Mandera, Liboi na Ras Kamboni, lakini Julai mwaka huo Kenya iliahirisha kufuatia mashambulizi. Mfanyabiashara wa nguo anaweza kungoja siku tatu mzigo wake ukaguliwe. Wa asumini hawezi.

Kwa hiyo bidhaa inayoweza kuvuka ni mche. Mwasumini huoteshwa kwa kukata tawi na kulipanda kwenye udongo wenye unyevu, na ukishashika mizizi hukaa hata kwenye kopo au ndoo. Hilo ni jambo kubwa kwa visiwa vyenye ardhi ya matumbawe. Mwenye miche hungoja harusi akiwa na maua uani.

Lakini mche hubeba wadudu na magonjwa, hivyo unahitaji cheti cha afya ya mimea. Nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, na Tanzania na TPHPA. Udogo wa mzigo hauondoi sharti hilo.

Somalia ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili. Kabla ya kufunga safari, uliza forodhani kama bidhaa yako imo na kama kituo hicho kinautumia.

Maonyesho nayo ni mlango wa soko. Chama cha Kilimo cha Kenya, kilichoanza mwaka 1901 kikiwa chama cha kilimo na bustani cha Afrika Mashariki, huandaa maonyesho katika miji kadhaa, Mombasa ikiwemo. Tanzania ina Nane Nane kila Agosti. Kikundi cha watungaji vikuba kikiweka meza yake hapo, mwenye harusi hujua pa kuagiza.

Kwa sasa, anayeoa Jumamosi Kismayo hawezi kutegemea asumini ya Lamu. Anaweza kutegemea mwasumini uliotoka Lamu mapema, ukapandwa, ukamwagiliwa, na jirani wa kuuchuma.