Kompyuta ya nyumbani: tafuta kasha linalopumua, watoto walale

Mara nyingi mimi naandika juu ya masomo ya watoto wetu. Mwezi huu nataka tuongee juu ya sanduku la chuma. Msicheke. Sanduku hilo lilitaka kuleta ugomvi nyumbani kwetu, na kidogo tu tupoteze kompyuta tuliyoichangia pesa miezi minane.

Nianze mwanzo. Kununua kompyuta nzima ilitushinda, basi mimi na walimu wenzangu wawili tukaanza kukusanya vipande kidogo kidogo. Madabodi na sipiyu tulizitoa kwenye mashine mbili zilizokufa. Ramu tulinunua Mbarara. Skrini tulipewa. Tulitaka wanafunzi wa darasa la mtihani wapate mahali pa kusoma na kujifunza kuandika jioni, maana darasa likifungwa hawana pengine. Tukakubaliana ikae kwetu sababu tuna sola yenye betri kubwa kidogo.

Ilibaki kitu kimoja: kasha, yaani lile sanduku la kuwekea vipande vyote. Wengi tunaliita lote "sipiyu", lakini sipiyu yenyewe ni kipande kidogo cha ndani, kile kinachofanya hesabu.

Mjini niliona kasha moja jeusi, mbele kioo kitupu, ndani taa za bluu na nyekundu. Bei shilingi 110,000, pawa saplai ikiwa ndani yake. Nikajisemea, kizuri chajiuza. Nikalipa, nikabeba.

Siku ya kwanza watoto walishangilia zile taa. Usiku ndiyo tukajua. Nyumba yetu ni vyumba viwili na tunalala watu saba. Mashine ilikuwa inavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Dada yangu ana mtoto mchanga, akawa anashtuka kila saa. Mama anaamka saa kumi ya usiku kwenda shamba. Usiku wa tatu mama alichukua kitenge akaifunika ile mashine, ati inyamaze, na wanafunzi wawili walikuwa bado wanaandika. Haikupita nusu saa ikajizima. Kazi yao yote ikapotea. Mmoja akalia.

Mama akaniambia: "Mwanangu, hii kitu yako, ama ilale nje, ama mimi nilale nje."

Mama hakukosea. Aliyekosea ni mimi niliyenunua kwa macho.

KWA NINI INAVUMA?

Nilimpelekea fundi mmoja wa hapa kambini, mtu wa maneno machache. Akaizungusha mara mbili, akauliza: "Mwalimu, hii inapumulia wapi?"

Nilikosa jibu. Mbele kioo kimeziba. Pembeni kuna mwanya mwembamba usiopitisha hata kidole. Ndani feni tatu ndogo zinahangaika kuvuta upepo ambao haupo. Akaniambia feni ikikosa hewa, sipiyu inachemka. Sipiyu ikichemka, mashine inaamuru feni zikimbie zaidi. Feni zikikimbia, kelele inaongezeka. Joto likizidi kabisa, sipiyu inapunguza mwendo, halafu mashine inajizima ili isiungue. Kitenge cha mama kiliziba ule mwanya mdogo uliokuwa umebaki.

Kumbe kelele na joto ni ndugu wa tumbo moja. Kasha ambalo hewa inapita vizuri linakuwa na baridi, na feni zake hazina sababu ya kupiga makelele.

MAMBO SITA YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Matundu. Tazama mbele na chini, ambapo hewa inaingia, na nyuma na juu, ambapo inatoka. Weka kiganja chako. Sehemu ya mbele ikiwa na wavu wenye vitundu vingi, hiyo ni nzuri. Ikiwa kioo au plastiki iliyoziba, achana nayo hata kama taa zake zinapendeza.

2. Feni kubwa. Hapa wengi tunadanganyika, tunafikiri feni kubwa ina kelele kubwa. Ni kinyume. Feni ya milimita 120 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika inasukuma hewa nyingi kuliko ya milimita 80 inayozunguka mara 2,000. Ile kubwa inaenda polepole, na polepole ndiyo kimya. Feni mbili za 120, moja mbele ya kuvuta na moja nyuma ya kutoa, zinatosha kompyuta ya masomo. Usilipie feni sita.

3. Chuma. Gonga ubavu wa kasha kwa kidole. Ukisikia "tang tang" kama kopo la maziwa, bati ni jepesi na litatetemeka pamoja na feni. Kasha zuri lina bati la kama milimita 0.7 au 0.8 na linalia kwa sauti nzito. Bonyeza kidogo ubavuni. Likibonyea kirahisi, liache.

4. Kipimo. Chukua rula ya mtoto, pima madabodi yako kabla ya kwenda mjini. Ile kubwa ya ATX ni sentimita 30.5 kwa 24.4. Ya kati, maikro-ATX, inafika sentimita 24.4 kila upande. Ile ndogo, mini-ITX, ni sentimita 17 kwa 17. Kasha la kubwa mara nyingi linapokea pia ndogo, lakini la ndogo halipokei kubwa. Pima pia urefu wa kipozeo cha sipiyu na feni yake, usije ukafika nyumbani mlango wa kasha ukakataa kufunga.

5. Pawa saplai. Makasha ya bei ya chini yanauzwa nayo ikiwa ndani, na mara nyingi ndiyo inayolia kuliko vyote. Usiamini karatasi iliyobandikwa. Inyanyue, ile nyepesi kama sanduku tupu itilie shaka. Kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya michezo mara nyingi inatumia chini ya wati 100, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 300 inafaa kuliko mbovu iliyoandikwa 600. Na tafadhali, usiifungue mwenyewe. Ndani yake umeme unabaki hata baada ya kuchomoa waya.

6. Kichujio cha vumbi. Hapa kwetu kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sufuria, sembuse kompyuta. Kasha lenye kichujio cha kuvuta nje na kuosha ni bora. Kama hakina, soma hapa chini.

MASHINE ZA ZAMANI ZA OFISI

Fundi wangu hakunipeleka dukani. Alinitolea kasha la zamani la kompyuta ya ofisi, rangi ya maziwa iliyochakaa, akataka shilingi 35,000. Halikuwa na taa hata moja. Lakini bati lake ni zito, mbele kuna matundu, nyuma kuna nafasi ya feni ya 120. Mashine za ofisi zilitengenezwa kukaa karibu na watu wanaofanya kazi, ndiyo maana nyingi ni kimya.

Ila kuna mtego. Kampuni kubwa kama Dell na HP mara nyingi zinatumia madabodi, pawa saplai na waya za umbo lao wenyewe, na kasha lao linaweza kukataa madabodi yako. Usinunue bila kujaribu. Sisi tuliweka madabodi ndani kwanza, tukaona kila tundu la skrubu limekutana na mwenzake, ndipo tukalipa. Lile kasha la taa tulimuuzia kijana mmoja kwa hasara, na nilimweleza ukweli wake wote. Yeye alitaka taa.

MBINU ZA BURE ZA NYUMBANI

Tulikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tukaviweka kwenye skrubu za hadi diski na chini ya miguu ya kasha. Mtetemo ulipungua sana. Mwenye pesa anaweza kuweka diski ya SSD, ile haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo haina sauti kabisa.

Kichujio tulitengeneza kwa soksi ya nailoni ya kina dada, tukaivuta vizuri juu ya matundu ya mbele. Kila wiki mbili tunaiosha na kuianika, ikikauka kabisa tunairudisha. Chandarua kilichochanika kinasaidia kidogo, lakini vitundu vyake ni vikubwa na vumbi laini linapita. Kile mnacholalia msikikate, malaria ni mbaya kuliko vumbi.

Usiweke kasha juu ya udongo. Sisi tuliliweka juu ya matofali mawili na ubao. Acha nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta. Na kitenge tunafunika tu ikiwa imezimwa na imepoa.

Ukisafisha, zima, chomoa waya, tumia brashi laini, na shika feni kwa kidole isizunguke. Maji hapana. Na ukigusa chuma cha kasha likakutekenya kama umeme mdogo, usizoee. Inawezekana waya wa ardhi haupo. Zima, ita fundi.

Jambo la mwisho: wenye sola, inverta ya bei ya chini inaweza kufanya pawa saplai ilie "zzzz". Hiyo si kosa la kasha, msije mkalibadilisha bure.

TUMEFIKA WAPI

Ndugu wazazi, najua wengi mnaweka akiba kidogo kidogo ili watoto wapate kompyuta. Pesa hiyo inatoka kwenye mahindi na maharage yenu. Kijana wako akija na picha ya kasha linalong'aa, usimkatalie kwa hasira. Muulize tu kama fundi alivyoniuliza mimi: inapumulia wapi? Akikosa jibu, pesa isitoke.

Kwetu wanafunzi wanne wanakuja sasa kila jioni, wawili wawili. Yule aliyelia ameandika upya kazi yake, na siku hizi anahifadhi kila baada ya mistari michache. Mtoto wa dada analala hatua tatu tu kutoka kwenye mashine. Juzi mama aliamka saa kumi, akapita na jembe lake, akaniita: "Mwalimu, jana ulizima hii kitu?"

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa inawaka usiku kucha, na hakuna aliyeisikia. Alinigombeza sababu ya betri, na hapo pia hakukosea.