Matete yanakamata shaba, na lengalenga je?

Mayi yanayotoka ku kiwanda cha kusafisha mawe yanaweza kuonekana meupe, kumbe yamebeba shaba, kobalti ao risasi. Metali hizo hazioze kama majani. Njo maana katika inchi nyingi wanapanda matete ndani ya mabwawa: mayi yanapita polepole, matope yanashuka chini, mizizi inakamata metali.

Ni kazi nzuri. Lakini lengalenga nayo iko na mizizi. Tukiimwangia mayi ya muto unaopokea uchafu wa mugodi, inakunywa metali zile zile. Kuosha kunatoa vumbi tu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoke kwa kuosha.

Kwa hiyo tushike mambo matatu. Bustani yetu ikae mbali na mayi hayo. Mbuzi zisikule matete ya bwawa, wala tusiyachome jikoni. Na kampuni ikituonyesha bwawa lake, tuulize: matete yakikatwa, yanapelekwa wapi? Juu metali haikupotea. Imehama tu kutoka mu mayi kuingia mu matope na mu matete.