Saa ya Mkononi Haipimi Sukari

Spektroskopia ya Raman hutambua na kupima molekuli kwa kuchunguza mwanga uliotawanywa nazo. Leza ikipiga sampuli, karibu mwanga wote hutawanyika na rangi ileile uliyoingia nayo. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja hivi katika milioni 10 ndiyo huachia nishati kidogo mtikisiko wa vifungo vya molekuli, ikatoka imebadilika rangi. Kila aina ya kifungo ina badiliko lake: kilele cha glukosi hujitokeza karibu na alama ya 1,125 ya grafu, cha finilalanini ya protini karibu na 1,003, na kilele hurefuka kadiri molekuli zinavyozidi. Maji hutawanya hafifu, ndiyo maana seramu na seli hai hupimwa bila kukaushwa.

Kwa kuwa mwanga waweza kupima glukosi, yaani sukari ya damu, huzuka swali lisilokoma: ni saa gani inayoipima bila kutoboa kidole? Hakuna. Taa za kijani zinazometameta chini ya saa husoma mapigo ya moyo kwa kufuata kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na damu. Mle ndani hamna leza ya Raman, hamna chujio la kuzuia rangi yake, wala kigunduzi cha kudaka fotoni hizo adimu. Damu yenye sukari ya milimoli 5 ina glukosi isiyofika gramu moja katika lita nzima, na ngozi ikimulikwa hutoa mng'ao wake unaofunika ishara hiyo dhaifu.

Hoja ya kwamba saa “ilipatia” haina uzito. Sukari ya mtu mwenye afya kabla ya kula huwa kati ya milimoli 4 na 5.5 hivi, hata anayebuni 5 kila asubuhi atakaribia. Kipimo hujaribiwa sukari inapokuwa 2.8 au 19, na hapo ndipo kukosea kunaua. Februari 2024, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilieleza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Watafiti wa chuo cha MIT walikwisha kuona vilele vya glukosi kupitia ngozi ya nguruwe hai, wakachapisha mwaka 2020. Walitumia vifaa vya maabara, si mkanda wa dukani.

Maabarani, leza ya nanometa 785 hupunguza mng'ao, na chembe ndogo za fedha au dhahabu hukuza ishara. Nyumbani ni glukomita, kifaa kinachosoma tone la damu: mikono ioshwe kwanza, maana majimaji ya embe kidoleni hupandisha namba, na vijiti vya kupimia visiwe vimepita muda. Mwenye uwezo avae sensa yenye waya mwembamba chini ya ngozi. Kipimo cha HbA1c cha hospitali huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Anayetumia insulini asipange dozi kwa namba iliyobuniwa na saa.